Bomba la chuma na waya wa ardhini: ncha mbili zinazoamua usalama wa nyumba

Makala ya leo yanahusu kipande cha bomba la chuma, aghalabu kisichozidi urefu wa mtu mzima, ambacho hufungwa ukutani nje ya nyumba kikiwa kimeficha ndani yake waya mmoja wa shaba. Waya huo hutoka kwenye sanduku kuu la umeme na kuteremka hadi ardhini. Wapita njia hawauoni, na wenye nyumba wengi hawajui kwamba upo. Lakini nchini Marekani, ambako wanaishi wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Afrika Mashariki na Kongo, na ambako baadhi yao wamefanya ufundi wa umeme kuwa njia ya kujipatia riziki, kipande hicho cha bomba kina sheria yake maalumu, na sheria hiyo imewashangaza mafundi wengi, wageni kwa wenyeji.

Chukua mfano wa fundi aliyejifunza kazi Tanga au Mombasa, akahamia Marekani na kuanza upya kama msaidizi chini ya fundi mwenye leseni. Amepewa kazi ya kuteremsha waya wa ardhini kutoka kwenye sanduku la ampea 200 hadi kwenye fimbo ya chuma iliyopakwa shaba na kupigiliwa ardhini kando ya ukuta. Kwa kuwa mahali hapo hupita mashine ya kukatia majani, amefanya jambo la busara: ameuvisha waya bomba la chuma ili usije ukakatwa. Juu, bomba amelikaza kwenye sanduku kwa nati. Chini, ameliacha wazi, waya ukachomoza na kubanwa barabara kwenye fimbo. Mkaguzi wa mji anafika, anainama, anatazama chini ya bomba kwa sekunde chache, kisha anabandika karatasi nyekundu: kazi imekataliwa.

Fundi anauliza, na swali lake ni la haki kabisa. Waya ni mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, haukuungwa mahali popote. Kibano kimekazwa. Bomba ni vazi tu la kuukinga waya, wala halikutegemewa kupitisha umeme. Kosa liko wapi?

Ili kupata jibu ni lazima kwanza kuondoa dhana moja potofu iliyoenea sana, si miongoni mwa watu wa kawaida tu bali hata miongoni mwa mafundi wenye uzoefu. Dhana hiyo inasema kwamba kazi ya fimbo ya ardhini ni kuifanya saketi breka ikate umeme pale waya wenye moto unapogusa mwili wa friji au mashine ya kufulia. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kuwa sivyo. Umeme wa kawaida wa majumbani nchini Marekani ni wa volti 120. Fimbo moja iliyopigiliwa katika udongo wa wastani inaweza kuwa na ukinzani wa omu 25, na katika udongo mkavu au wa kichanga ukinzani huo huwa mkubwa zaidi. Volti 120 zikigawanywa kwa omu 25 zinapatikana ampea 4.8 tu. Saketi breka ya ampea 15 au 20 haiwezi hata kushtuka kwa mkondo huo. Mwili wa friji ungebaki na umeme wa kuua, na breka ingebaki imewashwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kinachoikatisha breka ya Marekani ni waya mwingine, ule unaotoka kwenye mwili wa kifaa na kurudi hadi kwenye sanduku kuu, ambako umeunganishwa na waya wa nyutro unaorejea kwenye transfoma. Njia hiyo yote ni ya metali, ukinzani wake ni mdogo mno, na mkondo unaopita ndani yake hufikia mamia ya ampea kwa kufumba na kufumbua. Hata katika nchi zinazotumia volti 240, ambako fimbo ya omu 25 ingepitisha ampea 9.6, hali si tofauti sana. Ndiyo maana katika majengo ambamo udongo wenyewe ndio njia ya kurudishia umeme uliovuja, huwekwa kifaa maalumu chenye uwezo wa kuhisi uvujaji mdogo sana na kukata umeme. Palipo na fimbo tu bila kifaa hicho, mwenye nyumba anaishi kwa bahati.

Basi waya unaokwenda kwenye fimbo una kazi gani? Kazi yake ni kuuzuia mfumo mzima wa nyumba usipande juu kwa volti pale unapovamiwa kutoka nje: radi inapopiga karibu, nyaya za msongo mkubwa zinapoanguka juu ya nyaya za msongo mdogo, au mawimbi ya ghafla yanapopita katika mtandao. Kwa maneno mengine, waya huu unaweza kukaa miaka 20 bila kuitwa kazini, kisha siku moja ukatakiwa kubeba mkondo mkubwa mno kwa muda mfupi mno. Na ni hapo hasa ndipo bomba la chuma lililoachwa wazi chini hugeuka kutoka mlinzi na kuwa kizuizi.

Mwezi Agosti mwaka 1831 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alichukua pete ya chuma laini, akaizungushia nyaya pande mbili, na kuonyesha kwamba mkondo unapobadilika upande mmoja huzalisha umeme upande wa pili. Pete ile haikuwa pambo. Chuma hukusanya nguvu za sumaku na kuziimarisha mamia ya mara kuliko hewa, na transfoma zote za leo zina asili yake katika pete hiyo. Sasa, msikilizaji, fikiria waya mmoja uliopita katikati ya bomba la chuma. Kila waya unaopitisha mkondo huzungukwa na uga wa sumaku, na uga huo huuzunguka waya kama bangili nyingi zilizopangwa mkononi. Bomba la chuma nalo si kingine bali ni msururu wa bangili hizo, tena za chuma. Fundi amejenga, pasipo kukusudia, kitu kinachofanana na pete ya Faraday iliyorefushwa na kuvikwa waya.

Kitu cha namna hiyo kina tabia moja: huyapinga mabadiliko ya mkondo. Mkondo unapotaka kupanda, chuma hujaa sumaku, na sumaku hiyo huzaa volti inayousukuma mkondo kurudi ulikotoka. Kadiri mkondo unavyotaka kupanda kwa kasi, ndivyo unavyosukumwa nyuma kwa nguvu. Mafundi wa Marekani hulielezea jambo hili kwa neno lenye maana ya kukaba koo, na kwa hakika ni maelezo yanayofaa: waya una koo pana, lakini bomba limelikaba.

Hapa msikilizaji mwenye ujuzi wa kazi hii anaweza kuuliza: mbona nyaya za taa na za soketi hupitishwa katika mabomba ya chuma kila siku na hakuna kinachokabwa? Jibu ni kwamba katika bomba la kawaida waya wenye moto na waya wa nyutro hupita pamoja. Mkondo unaokwenda na mkondo unaorudi hufutiana sumaku, na chuma kilichowazunguka hakihisi kitu. Fundi aliyewahi kufunga kebo nene za waya mmoja mmoja kwenye sanduku la chuma analijua jambo hili kwa mikono yake: ukiitoboa bati matundu matatu na kupitisha kila kebo katika tundu lake, bati huchemka. Dawa yake ni kukata mfereji kutoka tundu hadi tundu, au kuzipitisha kebo zote katika tundu moja. Kanuni za Uingereza nazo zinataka nyaya zote za saketi moja ziwe pamoja ndani ya bomba moja la chuma kwa sababu hiyo hiyo. Lakini waya wa ardhini ni mpweke kwa asili yake. Hauna mwenzake wa kurudi naye.

Ukubwa wa tatizo hili huonekana vizuri zaidi kwa mfano wa radi. Waya ulionyooka, hata usipokuwa ndani ya bomba lolote, huzaa volti zipatazo 10,000 kwa kila mita moja iwapo mkondo unapanda kwa kasi ya ampea 10,000 katika kila sehemu ya milioni ya sekunde, kasi ambayo si ya ajabu kwa radi. Unene wa waya hausaidii sana hapa. Kinachohesabiwa ni urefu, mikunjo, na kile kinachouzunguka. Waya huo huo ukivishwa chuma kisichoungwa, volti huongezeka, na tofauti kati ya waya na bomba hukua hadi cheche inaruka kwenye ile ncha iliyoachwa wazi. Cheche hiyo inaweza kurukia bomba la maji, bomba la gesi, au mbao za ukuta. Umeme ulioelekezwa ardhini unatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kupita ndani ya nyumba.

Jambo hili si geni kwa wasikilizaji wa eneo la Maziwa Makuu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kwa kutumia vipimo vya setilaiti ya TRMM uliliweka eneo la Kabare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, likiwa na mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Nchini Marekani, jimbo la Florida ni miongoni mwa yale yanayopigwa sana na radi. Aliyekulia Bukavu na sasa anafunga umeme Florida amehama kutoka mvua moja ya radi na kuingia nyingine.

Suluhisho lililowekwa na Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani ni rahisi kulieleza. Kanuni hiyo, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1897 na ambayo tangu 1911 imekuwa chini ya shirika la kuzuia moto la NFPA, hurekebishwa kila baada ya miaka mitatu, na kifungu chake nambari 250 ndicho kinachohusu ardhi. Kinasema kwamba bomba la chuma lenye waya wa ardhini ni lazima liwe njia kamili ya umeme kutoka kwenye sanduku hadi kwenye elektrodi, na liungwe na waya ulio ndani yake katika ncha zote mbili, ya juu na ya chini. Hata kama ni kipande kifupi kilichowekwa katikati ya safari ya waya ili kuukinga mahali pamoja, kipande hicho nacho huungwa kwenye ncha zake zote mbili.

Mara bomba linapoungwa hivyo, hali hubadilika kabisa. Mkondo sasa una njia mbili zilizo sambamba, waya na bomba, na kwa sababu ya sumaku iliyoelezwa hapo juu sehemu kubwa ya mkondo huuacha waya na kupita katika bomba. Jambo hili huwashangaza wengi. Waya wa shaba, ulionunuliwa kwa bei ghali, unakaa ndani karibu bila kazi, na chuma cha nje ndicho kinachobeba mzigo. Bomba lililoonekana kuwa vazi limekuwa mwili wenyewe. Na hapo ndipo kosa la yule fundi linapodhihirika: hakuacha ncha moja ya vazi bila kufungwa, aliukata mwili.

Kuhusu unene wa nyaya, Wamarekani wana vipimo vyao ambavyo humtatiza kila aliyezoea milimita za mraba. Kwao namba ikipungua ndivyo waya unavyonenepa: namba 8 ni kama milimita za mraba 8.4, namba 6 ni 13.3, namba 4 ni 21.2, na namba 2 ni 33.6. Zikimalizika namba huanza sifuri: sifuri moja ni 53.5, sifuri mbili 67.4, sifuri tatu 85. Unene wa waya wa ardhini hutokana na unene wa nyaya kuu zinazoingiza umeme katika jengo. Nyaya kuu za shaba zikiwa namba 2 au nyembamba zaidi, waya wa ardhini wa shaba huwa namba 8. Zikiwa sifuri mbili au sifuri tatu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za ampea 200 zenye nyaya kuu za shaba, waya wa ardhini huwa namba 4. Jedwali linaendelea hadi sifuri tatu, na hapo linakoma. Hata jengo liwe kubwa kiasi gani, halidai zaidi ya hapo.

Kuna nafuu mbili ambazo fundi hana budi kuzijua, kwani zinamwokolea mwenye nyumba fedha bila kupunguza usalama. Waya unaokwenda kwenye fimbo peke yake haulazimiki kuwa mnene kuliko namba 6 ya shaba, kwa sababu fimbo yenyewe haiwezi kumwaga mkondo mkubwa udongoni. Na unaokwenda kwenye nondo zilizomo ndani ya zege la msingi haulazimiki kuzidi namba 4. Waya unaokwenda kwenye bomba la maji la metali lililozikwa ardhini hauna nafuu hiyo. Hufuata jedwali moja kwa moja.

Kipimo cha bomba lenyewe ni jambo jepesi, na hapana haja ya kulikawilia. Bomba lenye waya mmoja huruhusiwa kujazwa hadi asilimia 53 ya nafasi yake ya ndani. Bomba jembamba la nusu inchi lina nafasi ya takriban milimita za mraba 196, hivyo kiasi kinachoruhusiwa ni kama 104. Waya mtupu wa namba 6 huchukua 17 tu, na wa namba 4 huchukua 27. Bomba dogo kabisa la dukani linatosha. Anayenunua bomba nene kwa waya mmoja wa namba 6 anazidisha chuma na gharama, na hapati faida yoyote.

Uzito wa jambo uko kwenye viungo. Kipande cha waya kinachotumika kuunga bomba na waya uliomo ndani ni lazima kiwe na unene sawa na waya huo au zaidi. Ukiwa na namba 4 ndani, kiungo cha namba 8 hakifai, hata kama kinaonekana imara, kwa sababu mkondo wote uliomo katika bomba utapita kwenye kipande hicho kifupi. Mafundi wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba bomba ni kitu cha pembeni na kwamba waya wowote utatosha kuligusisha. Mnyororo hukatika kwenye pete dhaifu, na pete dhaifu hapa ina urefu wa kiganja.

Juu, kwenye sanduku, nati ya kawaida haikubaliki peke yake. Masanduku mengi ya Marekani yana matundu ya kugonga yenye pete zilizozungukana, ndogo ndani ya kubwa, na pete zinazobaki hushikwa na vipande vidogo vya bati ambavyo haviwezi kubeba mkondo wa radi. Rangi ya sanduku nayo huzuia metali kugusana. Kwa hiyo hutumika bushi maalumu yenye skrubu ya kushikia kiungo, na kiungo hicho huvutwa hadi kwenye kitalu cha nyaya za ardhini ndani ya sanduku. Bomba likiwa limeingia kwenye shingo yenye mizizi ya skrubu na kukazwa sawasawa, shingo hiyo yenyewe huhesabiwa kuwa kiungo.

Chini, dawa iliyo nyepesi ni kibano kinachoshika vitu viwili kwa pamoja: kina shingo ya kupokea ncha ya bomba na mdomo wa kuubana waya juu ya fimbo. Vibano hivyo hupatikana madukani, na vile vinavyokubalika kufukiwa udongoni huwa na maandishi yanayosema hivyo. Kibano kisicho na maandishi hayo huliwa na kutu, na kiungo kilichokufa chini ya udongo hakimwambii mtu yeyote.

Hapa ndipo baadhi ya wataalamu hutoa ushauri mwingine, na ushauri wao ni wa maana: kwa nini kutumia chuma hata kidogo? Waya wa namba 4 au mnene zaidi hauhitaji bomba isipokuwa pale unapoweza kugongwa. Wa namba 6 unaweza kupita wazi juu ya ukuta mradi umeshikiliwa vizuri na hauko katika hatari. Wa namba 8 pekee ndio usioruhusiwa kutembea bila vazi. Na palipo na haja ya vazi, bomba gumu la plastiki humaliza tatizo lote kwa sababu plastiki haina sumaku. Hakuna cha kukaba, hakuna cha kuunga. Alumini nayo haina sumaku ya kuogopwa, ingawa kuizika udongoni pasipo kinga ni kuipeleka kwa kutu. Chuma hubaki na nafasi yake mahali penye magari, mashine nzito au wezi wa shaba. Lakini fundi anayechagua chuma kwa sababu tu kipande kimebaki garini anajichagulia kazi ya viungo viwili ambayo angeweza kuiepuka.

Ni vyema pia kueleza habari ya zege, kwani ina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi Mmarekani Herbert Ufer alipewa kazi ya kutafuta njia ya kulinda maghala ya mabomu katika jimbo la Arizona, mahali penye jangwa, pasipo maji chini ya ardhi, ambako fimbo zilizopigiliwa katika udongo mkavu hazikufaa. Aliunganisha nyaya na nondo zilizomo ndani ya msingi wa zege, na vipimo vilivyochukuliwa kwa miaka mingi baadaye vilionyesha ukinzani usiozidi omu 5. Zege hufyonza unyevu na kuuhifadhi, nalo hugusa udongo kwa eneo kubwa. Leo jengo jipya la Marekani lenye nondo za angalau nusu inchi na urefu wa mita 6 ndani ya msingi unaogusa udongo ni lazima lizitumie kama elektrodi. Na waya unapochomoza kutoka kwenye zege hilo, mara nyingi wajenzi huuvisha kipande cha bomba la chuma ili usivunjwe na makoleo. Kipande hicho husahauliwa kuliko vyote, kwani siku mafundi umeme wanapofika, tayari kimo ndani ya zege.

Kwa upande wa nchi zilizofuata utaratibu wa Uingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo, hesabu hufanywa kwa njia nyingine. Waya mkuu ukiwa hadi milimita za mraba 16, wa kinga hulingana nao. Ukizidi 16 hadi 35, wa kinga huwa 16. Na ukizidi hapo, wa kinga huwa nusu yake. Waya wa shaba unaozikwa bila kinga dhidi ya kutu wala dhidi ya kugongwa haupungui milimita za mraba 25. Tarakimu zinatofautiana, na fundi anayehama hulazimika kuzijifunza upya. Sumaku haikuhama, bomba la chuma lenye waya mmoja hukaba Mwanza kama linavyokaba Minneapolis.

Yapo pia mabomba ya maji. Kwa miongo mingi yalitumika kama elektrodi katika miji ya Marekani, na nyumba nyingi za zamani bado zinayategemea. Kanuni inayakubali iwapo angalau mita 3 za bomba la metali zimo udongoni, lakini inadai elektrodi ya pili iongezwe, kwa sababu siku yoyote fundi bomba anaweza kubadilisha kipande kilichozikwa kwa plastiki bila kumwarifu mtu. Kuna hatari nyingine isiyojulikana sana. Majirani wanaotumia transfoma moja na mabomba ya maji yaliyounganika hushiriki nyutro kupitia mabomba hayo. Nyutro ya nyumba moja ikikatika, mkondo wake wa kila siku hupita kwenye waya wa ardhini, kwenye bomba la maji, hadi kwa jirani, na taa zikaendelea kuwaka kana kwamba mambo ni salama. Anayekifungua kibano wakati huo na kushika waya kwa mkono mmoja na bomba kwa mkono wa pili anakuwa yeye ndiye kiungo. Kwa hiyo kabla ya kulegeza nati yoyote kwenye waya wa ardhini, fundi mwangalifu huuzungushia waya kipimo cha kubana kinachosoma ampea. Na hapa bomba la chuma linaleta utata wake wa mwisho: palipo na bomba lililoungwa pande zote mbili, kipimo hicho kikizungushwa kwenye waya peke yake kinaweza kuonyesha mkondo mdogo sana, ilhali sehemu kubwa inapita kwenye chuma. Kipimo huzungushwa kwenye bomba zima, waya ukiwa ndani.

Yule fundi aliyebandikiwa karatasi nyekundu hakuhitaji kung'oa alichojenga. Aliondoa kibano cha chini na kuweka chenye shingo ya bomba, akaliteremsha bomba hadi likaingia ndani yake na kukazwa. Juu aliweka bushi yenye skrubu, akakwangua rangi, na kuvuta kipande cha shaba cha namba 6, sawa na waya uliomo ndani, hadi kwenye kitalu cha ardhini. Kazi yote ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Mkaguzi aliporudi alilishika bomba, akalitikisa, akainama tena kutazama palepale chini, kisha akaitoa karatasi nyekundu mwenyewe.